Kabla ya Kuliacha Somo Gumu

Katika shule za sekondari za Kenya zilizofuata mfumo wa 8-4-4, ulioanzishwa mwaka 1985, mwanafunzi alipomaliza kidato cha pili alitakiwa achague masomo atakayoyachukua hadi mtihani wa mwisho wa KCSE, na aghalabu lile alilolikimbia upesi zaidi lilikuwa Fizikia. Hesabu zake zilimtisha, vyombo vya maabara havikutosha, alama za muhula uliopita zilikuwa zimekwisha kumvunja moyo. Na maadamu aliruhusiwa kuchukua sayansi mbili tu katika zile tatu, alishika Biolojia na Kemia, akaona amesalimika.

Simlaumu, kwani khofu yake ina msingi. Chuo kikuu mtu haingii kusomea shahada ila kwa wastani wa C+ au zaidi, na wastani huo huhesabiwa kwa masomo saba ambayo jumla ya alama zake haiwezi kuzidi 84. Basi somo linalomla saa za masomo mengine laweza kumshusha pande zote. Walakini KUCCPS, ambayo ndiyo iwapangiayo wanafunzi vyuo, haitazami wastani peke yake, bali hutwaa pia masomo manne yanayohusika na kozi aliyoiomba, yenye jumla isiyozidi alama 48, ikayapima pamoja na wastani huo. Atakaye uhandisi hudaiwa Hisabati, Fizikia na Kemia, na aliyeiacha Fizikia, hata akipata A katika masomo yake yote, hana njia ya kuingilia. Atakaye udaktari, kinyume chake, aweza kuingia kwa Biolojia, Kemia, Hisabati na lugha. Ilhali Tanzania mwenye azma hiyo hiyo hana budi kuishika tahasusi ya PCB, yaani Fizikia, Kemia na Biolojia, katika kidato cha tano na cha sita, ambamo Fizikia ni nguzo mojawapo.

Kwa hiyo kuacha somo gumu si aibu wala si uvivu, iwapo kijana ajua aendako na somo lile haliko njiani mwake; atakaye sheria au ualimu wa lugha ana haki ya kuzielekeza nguvu zake huko kwa moyo mkunjufu. Lililo baya ni kumwacha mtoto akate shauri kwa khofu ya mtihani mmoja, pasipo mtu mzima aliyemweleza thamani ya hicho anachokiacha. Na baya zaidi ni shule kumshurutisha aliache somo ili wastani wa shule usishuke, kwa kuwa hiyo ni dhuluma: sifa yaichukua shule, na hasara aibeba kijana umri wake wote.

Wajibu wa kumshauri kijana wazidi kuwa mzito katika mtaala mpya wa Kenya, ambao wamtaka mwanafunzi achague mkondo wake mapema zaidi, kabla ya kuingia Gredi ya 10. Basi wazazi na walimu na waketi na kijana, wasome pamoja masharti ya kozi aitamaniyo, wamuulize kama somo limemshinda kweli au ni kwamba hajafundishwa ipasavyo, na ikiwa ni hili la pili, wamtafutie msaada kabla ya kumtafutia somo jingine.