Jina la Ukoo la Kwetu Ndani ya Sentensi ya Kiingereza



Kihangaza tunachokisikia Mbuba na kwingineko Ngara ni ndugu wa karibu wa Kirundi na Kinyarwanda. Katika lugha hizi, jina la mtu mara nyingi ni sentensi kamili. Habimana ni kusema "Mungu yupo". Ndayishimiye, jina la Rais wa Burundi tangu 2020, ni "ninamshukuru". Anayeshukuriwa hatajwi, ila silabi -yi- inamwelekea Imana, yaani Mungu. Ntibazonkiza, ambalo wapenzi wa soka wanalijua kwa Saido aliyechezea Yanga na Simba, ni "hawataniokoa".

Sasa tuingize jina la namna hii katika Kiingereza. Mwalimu anaandika: "Habimana is absent." Tukitafsiri kila kitu tunapata "Mungu yupo hayupo". Je, mwalimu amejipinga? Hapana. Mwanafalsafa John Stuart Mill alieleza mwaka 1843 kwamba jina la pekee humtaja mtu bila kueleza sifa zake. Ndani ya sentensi hiyo, Habimana ni kijana fulani tu, na ndiye asiyekuwepo. Ndiyo maana jina halitafsiriwi: linaanza kwa herufi kubwa na kubaki lilivyo.

Hata hivyo Mill hatoshelezi. Mzazi aliyempa mtoto jina hilo hakubandika alama tu. Alisema neno, pengine baada ya msiba au baada ya kungoja mtoto kwa miaka mingi. Kwa hiyo tunapoandika Kiingereza tuliache jina lilivyo, na maana yake, ikihitajika, tuieleze mara moja pembeni.

Ugumu mwingine uko kwenye wingi. Kiingereza husema "the Habimanas" kikimaanisha familia nzima, kana kwamba wote wana jina moja. Lakini kwa desturi ya Burundi na Rwanda kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe. Ndugu wa tumbo moja wanaweza kuitwa tofauti kabisa. Tanzania tumezoea majina matatu: la mtu, la baba na la babu. Fomu ya Kiingereza ikidai "surname", tunaandika la babu. Basi "Mr Habimana" anaitwa kwa sala iliyosemwa babu yake alipozaliwa!

Jambo hili linatugusa kama Kanisa. Wapo vijana wanaolificha jina la nyumbani au kulikata nusu ili litamkike kwa urahisi, wakidhani kwamba jina la Kikristo ni lile la Kizungu tu. Sheria ya Kanisa haisemi hivyo. Kanuni ya 855 inataka tu lisitolewe jina lisilopatana na moyo wa Kikristo. Jina linalokiri kwamba Mungu yupo linapatana nao waziwazi. Na kanuni ya 877 inamtaka paroko aandike katika kitabu cha ubatizo majina ya mbatizwa, wazazi na wasimamizi. Herufi moja ikikosewa pale, cheti cha ndoa au cha shule kinaweza kukataa kulingana na cha ubatizo.

Wazazi mnaoleta watoto kubatizwa, liandikeni jina kwenye karatasi, herufi kwa herufi, kabla ya kufika ofisini. Nasi vijana, babu na bibi wakiwa bado hai, tuwaulize: jina hili lilisemwa kwa sababu gani?