Breki ya Mbele si Adui: Namna ya Kusimamisha Pikipiki kwa Usalama

Katika steji nyingi za bodaboda, kijana anayejifunza kazi hupewa onyo hili mapema: usiguse breki ya mbele, itakumwaga. Hulishika kama sheria, na tangu siku hiyo mguu wake wa kulia ndio unaofanya kazi yote ya kusimamisha pikipiki. Breki ya mbele hubaki pambo. Waya wake huingia kutu, na wengine huulegeza kabisa ili mkono usiikamate kwa bahati mbaya.

Onyo hilo lina ukweli kidogo, kwa maana breki ya mbele ikikamatwa vibaya kweli humwangusha mtu. Hata hivyo, breki hiyohiyo ndiyo yenye nguvu zaidi kwenye pikipiki. Anayeiacha huchukua mita nyingi zaidi kusimama, na katika mtaa kama Obunga mita hizo huwa na watu. Kuna watoto wanaotoka shule, mikokoteni ya maji, na akina mama wanaovuka na makarai ya mgongo wazi kuelekea sokoni.

Kwa nini breki ya mbele ina nguvu

Mtazame mtu anayesukuma mkokoteni wenye mitungi ya maji. Akisimama ghafla, mitungi yote hukimbilia mbele. Pikipiki nayo hufanya hivyo. Dereva anapofunga breki, uzito wa pikipiki, wake mwenyewe na wa abiria husogea kuelekea gurudumu la mbele. Abiria huhisi jambo hilo kila siku, anapojikuta ameegemea mgongo wa dereva.

Uzito ukienda mbele, tairi la mbele hukandamizwa chini na kushika lami kwa nguvu zaidi. Tairi la nyuma nalo hubaki jepesi. Ndiyo sababu ukikanyaga breki ya nyuma peke yake kwa nguvu, tairi la nyuma hufunga, huburuzika na kuanza kuyumba upande, huku pikipiki ikiendelea kwenda.

Hesabu ya mita

Tuchukue pikipiki inayokwenda kilomita 40 kwa saa kwenye lami kavu, breki na matairi yake yakiwa mazima. Kwa mwendo huo inapita takriban mita 11 kila sekunde. Dereva anahitaji kama sekunde moja kuona hatari na kufikia breki, kwa hiyo mita 11 zimekwisha kabla breki haijashika.

Akitumia breki zote mbili vizuri, atahitaji kama mita 9 zaidi. Jumla ni mita 20. Akitumia ya nyuma peke yake, breki itahitaji kama mita 18, na jumla ni mita 29. Haya ni makadirio, lakini yanaonyesha jambo zito: mahali ambapo pikipiki ya kwanza imekwisha kusimama, ya pili bado inakwenda karibu kilomita 28 kwa saa. Mtoto aliyefuata mpira barabarani akiwa mahali hapo, dereva wa kwanza atamfokea tu. Wa pili atamgonga.

Mwendo nao hubadilisha hesabu haraka. Ukiongezeka mara mbili, umbali wa breki huongezeka mara nne. Sheria ya Trafiki ya Kenya inaweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa ndani ya miji na vituo vya biashara. Katika vichochoro vya mtaani, mwendo salama uko chini sana ya hapo.

Kukamua, si kunyakua

Wanaomwagwa na breki ya mbele kwa kawaida huinyakua ghafla. Uzito unakuwa haujafika mbele, tairi halijakandamizwa, nalo hufunga na kuteleza. Njia sahihi ina hatua chache:

1. Achilia mafuta, na uweke usukani sawa, pikipiki ikiwa imesimama wima.
2. Anza kukanyaga breki ya nyuma taratibu na wakati huohuo ukamue ya mbele kidogo, mpaka uhisi springi za mbele zinashuka.
3. Springi zikishashuka, ongeza nguvu kwenye breki ya mbele kwa vidole, kama anayekamua chungwa. Usiongeze nguvu ya mguu.
4. Tazama mbele, mahali unapotaka kwenda. Ukitazama tairi, utaangukia hapohapo.
5. Shika klachi mwishoni, pikipiki inapokaribia kusimama, ili injini isizimike.

Ukihisi tairi la mbele limefunga, achilia breki hiyo mara moja kisha uikamue upya kwa upole. La nyuma likifunga, weka usukani sawa na upunguze nguvu ya mguu.

Haya hayajifunzwi siku ya hatari. Tafuta uwanja mtupu, bila abiria, uvae helmeti, na uanze kwa kilomita 20 kwa saa. Rudia mara kumi au zaidi kabla ya kuongeza mwendo. Lengo ni mkono uzoee, kwa sababu mtu akishtuka hufanya alichozoea.

Changarawe, mvua na kona

Kwenye lami kavu, breki ya mbele hufanya kazi kubwa. Ukiingia kwenye barabara ya udongo au murram, punguza mwendo mapema, tumia ya nyuma zaidi na uiguse ya mbele kwa wepesi. Angalia pia pale lami inapokutana na njia ya udongo, kwa kuwa changarawe hutapakaa juu ya lami na tairi hukosa pa kushika.

Dakika za kwanza za mvua ni hatari sana. Vumbi na mafuta yaliyomwagika barabarani huchanganyika na maji na kuwa utelezi. Ongeza nafasi kati yako na gari la mbele angalau mara mbili, na utumie breki zote mbili kwa upole. Epuka kufunga breki juu ya mistari iliyopakwa rangi na vifuniko vya chuma. Ukivuka maji yaliyotuama, kamua breki kidogokidogo huku ukienda polepole ili zikauke. Breki za dramu zikiingia maji hukosa nguvu kwa muda.

Kwenye kona, maliza kupunguza mwendo kabla ya kuingia. Pikipiki ikiwa imelala upande, tairi tayari linatumia nguvu yake kushikilia kona. Ukilinyakulia breki, litateleza.

Mteremko na mzigo

Kwenye mteremko mrefu, kama ule wa kutoka Kiboswa kushuka Mamboleo, wapo wanaoweka gia huru ili kuokoa mafuta. Hapo pikipiki hubaki mikononi mwa breki peke yake. Breki zinazokamatwa muda mrefu hupata moto, na zikipata moto hupungua nguvu. Weka gia ya chini, injini isaidie kuzuia mwendo, kisha ukamue breki na kuachilia.

Abiria na mzigo huongeza umbali wa kusimama. Uzito ukiwa nyuma, breki ya nyuma hupata nguvu zaidi kuliko unapokuwa peke yako, lakini ya mbele bado inahitajika. Sheria inaruhusu abiria mmoja tu. Wawili au watatu, au magunia yaliyopangwa juu, huifanya pikipiki iyumbe unapofunga breki.

Ukaguzi wa asubuhi

Kabla ya kutoka, sukuma pikipiki kwa mkono na ukamate breki ya mbele peke yake. Gurudumu lisimame. Fanya hivyo pia kwa ya nyuma. Kisha angalia mambo haya:

- Mkono wa breki ya mbele uwe na mchezo mdogo, kama upana wa kidole. Ukigusa mpini wa usukani, breki imelegea au imekwisha.
- Waya usiwe na kutu wala nyuzi zilizokatika. Waya mpya ni gharama ndogo kuliko siku moja ya kukosa kazi kwa sababu ya jeraha.
- Nati ya breki ya nyuma isikazwe kupita kiasi, kwa sababu breki itaburuzika na kupata moto.
- Unapopaka mnyororo mafuta, yasidondokee tairi wala breki.
- Matairi yawe na meno. Breki nzuri kwenye tairi kipara haisaidii.

Ikiwa waya wa breki ya mbele ulilegezwa zamani, mpelekee fundi aurudishe na akague dramu, kisha ujifunze upya uwanjani kabla ya kubeba mtu.

Abiria naye ana sehemu yake

Kaa ukitazama mbele, weka miguu kwenye vikanyagio na ushike vizuri, ili breki ikifungwa usimsukume dereva juu ya usukani. Vaa helmeti na uifunge. Usimharakishe dereva, na ukiona mwendo unakutisha, mwambie apunguze au akushushe. Kukitokea ajali, piga simu 999 au 112, na usimvue majeruhi helmeti isipokuwa hawezi kupumua.

Wahudumu wazoefu wana nafasi ya pekee katika jambo hili, kwa sababu kijana mgeni huwaamini kuliko bango lolote. Wakimpeleka uwanjani asubuhi moja na kumwonyesha namna ya kukamua breki ya mbele, watakuwa wamemlinda yeye, abiria wake na mtoto anayevuka barabara.