Mbolea na Vijidudu vya Mizizini: Mashamba ya Kitale na Bungoma

Katika mashamba ya Kitale na Bungoma, mahindi na maharagwe aghalabu hupandwa pamoja, na mbolea ya kupandia iliyozoeleka ni DAP. Mbolea hii ina nitrojeni asilimia 18, iliyo katika umbo la amoniamu. Bakteria wa udongoni huigeuza amoniamu kuwa nitrati, na katika ugeuzaji huo hutokea asidi. Misimu ikifuatana, udongo huchachuka.

Kipimo cha pH kishukapo chini ya 5.5, alumini huyeyuka na kuidumaza mizizi, tena huifunga fosforasi aliyoinunua mkulima. Raizobia nao hudhoofika. Hawa ni bakteria waishio katika vinundu vya mizizi ya maharagwe, ambao huinasa nitrojeni ya hewani na kuulisha mmea. Vinundu vikipungua, mkulima hulazimika kununua alichokuwa akipewa bure. Naye akiongeza DAP, huongeza uchachu ule ule.

Basi suala si kuitupa mbolea. Udongo upimwe kwanza. Penye asidi itiwe chokaa ya kilimo, na samadi iwalishe vijidudu. Asiyeupima udongo wake hununua mbolea kwa kubahatisha.