Kiharusi kwa Wenye Shinikizo la Juu la Damu: Shinyanga na Ukanda wa Dhahabu wa Geita

Wagonjwa wengi wa shinikizo la juu la damu wanaifahamu presha kwa jina, na wanajua kwamba ina dawa. Kisichofahamika vya kutosha ni kwamba presha ndiyo chanzo kikuu cha kiharusi, na kwamba inaweza kuharibu mishipa ya ubongo kwa miaka mingi bila maumivu yoyote. Ndiyo maana kauli ya "nitameza nikijisikia vibaya" ni ya hatari: kwa wengine, dalili ya kwanza ya presha huwa ni kupooza.

Damu ipitayo kwa nguvu kupita kiasi huzifanya kuta za mishipa kuwa nene, ngumu na dhaifu. Mshipa ukiziba, sehemu ya ubongo hukosa oksijeni. Ukipasuka, damu huvujia ndani ya fuvu. Mshipa mkubwa unapoziba, seli za neva zipatazo milioni mbili hufa kila dakika. Kwa upande mwingine, kuteremsha kipimo cha juu cha presha kwa milimita 10 tu za zebaki hupunguza uwezekano wa kiharusi kwa zaidi ya robo. Ni dawa chache za bei nafuu zinazoweza kujivunia hilo.

Utafiti uliofanyika Hai na Dar es Salaam kati ya mwaka 2003 na 2006 ulionesha viharusi vipya takriban 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka katika Hai, na 316 katika Dar es Salaam. Watafiti waliowahoji wananchi wa maeneo hayohayo walikuta jambo la kushangaza: mjini wengi walikitaja kiharusi kuwa kazi ya majini na uchawi, ilhali vijijini Hai walitaja zaidi presha, mafuta na msongo wa mawazo. Kuishi mjini, basi, si kinga dhidi ya imani hizo. Usukumani nako mgonjwa aliyeamka na upande mmoja umekufa huweza kupelekwa kwanza kwa mganga. Sioni sababu ya kuwakejeli ndugu zake. Jambo la ghafla namna hiyo linadai maelezo, na sisi wataalamu tumechelewa kuyatoa.

Katika machimbo ya wachimbaji wadogo, kama Mgusu, Nyarugusu na Rwamgasa mkoani Geita, au Mwakitolyo mkoani Shinyanga, tatizo lina sura yake. Mama mjamzito hupimwa presha kila ahudhuriapo kliniki; mwanamume mwenye miaka 45 anayeshuka duarani huenda hajapimwa hata mara moja. Rashi ikitokea kwingine, huhama usiku huohuo, na kadi ya kliniki hubaki nyuma. Sigara, pombe kali na kayabo iliyokolea chumvi humalizia kazi. Kiwango cha chumvi kinachoshauriwa hakifikii gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote. Kwa hiyo, ndugu mchimbaji, kabla ya kuhama omba dawa za kukutosha, na kadi uifunge pamoja na nguo zako.

Zebaki nayo isichanganywe na kiharusi. Mtetemeko wa mikono utokanao na zebaki huja taratibu, na kwa kawaida hugusa mikono yote miwili. Kiharusi huja ghafla, aghalabu upande mmoja.

Ili kukitambua, mwambie mgonjwa atabasamu: je, mdomo umekwenda upande? Ainue mikono yote miwili: je, mmoja unashuka? Aseme sentensi fupi, kwa Kisukuma ikiwa ndiyo lugha ya nyumbani kwake, kwa maana mtu anayebabaika kwa Kiswahili siku zote anaweza kutupotosha. Moja likiwapo, aondoke mara moja. Asipewe chakula, maji, wala dawa ya kumeza, kwa kuwa koo linaweza kuwa limepooza. Atakayemsindikiza akumbuke saa ya mwisho mgonjwa alipoonekana mzima: dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, inapopatikana, hutolewa kwa kawaida ndani ya saa nne na nusu tangu hapo.

Kwa wenzangu wa zahanati na vituo vya afya: pimeni sukari kwanza, kwani kushuka kwake huiga kiharusi. Aspirini isitolewe kabla ya picha ya CT, maana macho hayawezi kutofautisha mshipa ulioziba na uliopasuka. Presha iliyo chini ya 220/120 kwa kawaida haishushwi kwa haraka kabla ya picha hiyo. Rufaa isingoje kesho; tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, safari ya Geita hadi Mwanza haitegemei tena kivuko.

Yupo pia mgonjwa ambaye mkono wake umelegea kwa dakika kumi kisha ukarudi. Hicho ni kiharusi cha muda, na siku chache zinazofuata ndizo zenye hatari kubwa ya kiharusi kamili. Huyo naye apelekwe hospitali siku hiyohiyo, hata kama anacheka na kusema amepona.