Mkate, Bukari na Uzito wa Mwili Wako

Ndugu msomaji, chukua kamba. Ipime kwa urefu wako, toka kisigino mpaka utosi, uikate hapo. Kisha ikunje mara mbili, uizungushe tumboni, juu kidogo ya kitovu. Ncha zikikutana, ni vema. Zisipokutana, soma maneno haya mpaka mwisho, kwa kuwa ni yako. Kipimo hiki ni cha watu wazima, wanaume na wanawake. Mama mwenye mimba hapimwi hivyo.

Kwa nini tunapima tumbo? Kwa sababu mafuta yanayokaa ndani ya tumbo yana hatari kuliko mafuta ya mapaja. Yanafanya damu kupanda, ule ugonjwa ambao wengi wanauita tansio, na yanafanya sukari kuzidi katika damu. Magonjwa haya mawili huja kimya. Mtu anauza sokoni, anaimba katika kwaya, anacheka na wenzake, kumbe mishipa yake inaharibika. Siku moja mkono na mguu wa upande mmoja vinakufa, na kinywa kinapinda. Ndipo watu wa nyumba wanaulizana ni nani aliyemloga. Hakuna aliyemloga.

POSHO YA ZAMANI NA KAZI YA LEO

Mji wa Kolwezi ulianza mwaka 1937 kwa ajili ya shaba. Wafanyakazi wa Union Minière du Haut-Katanga walipewa posho: unga, maharagwe, karanga, mafuta ya mawese, samaki au nyama, na chumvi. Baada ya mwaka 1967 Gécamines ilishika kazi hiyo, na unga ukaendelea kufika nyumbani kwa miaka mingi. Posho hiyo ilikuwa ya mtu wa kazi ngumu. Alivunja mawe, alibeba, alisukuma, alikwenda kazini na kurudi kwa miguu.

Leo mjukuu wake anaketi. Anaketi dukani, anaketi ofisini, anaketi juu ya pikipiki. Lakini mlima wa bukari katika sahani yake ni ule ule wa babu. Mwili hautupi chakula kilichozidi. Unakiweka akiba, na akiba hiyo ni mafuta.

Fahamu vizuri: mchimbaji anayeshuka shimoni na kuchimba kwa mikono yake anahitaji bukari yake. Mama anayelima shamba tangu alfajiri anahitaji bukari yake. Hatuwaambii hao wapunguze. Tunasema na wewe ambaye kazi yako ni ya kiti, lakini chakula chako ni cha shimoni.

"NIMEKULA MKATE TU"

Wengi wanaotaka kupungua wanaacha bukari ya mchana, wananunua mkate njiani. Wakiulizwa, wanajibu, "Sikula kitu, nimekula mkate tu." Haya, tuhesabu pamoja. Nguvu ya chakula inapimwa kwa kalori. Mama asiyefanya kazi ngumu anatoshewa na kalori 1,800 au 2,000 hivi kwa siku nzima.

Mkate wa gramu 200 una kalori 500 hivi. Pakaa margarini vijiko viwili vikubwa, umeongeza 200. Kunywa na chupa ndogo ya sukre, umeongeza 140, na ndani yake mna sukari ya vijiko vidogo saba. Jumla ni kalori 840, karibu nusu ya chakula cha siku. Bukari ya unga wa gramu 200 ina kalori 720 hivi. Basi mkate ule "tu" umeipita bukari uliyoikimbia! Tena saa kumi njaa imerudi, kwa sababu ndani ya mkate hamkuwa na samaki, wala yai, wala mboga.

Mkate uliotiwa kitu katikati Wazungu wanauita sandwichi. Jina hili lilitoka kwa bwana mkubwa wa Uingereza, John Montagu, Earl of Sandwich, aliyeishi tangu 1718 mpaka 1792. Watu husimulia kwamba alitaka nyama katikati ya mkate ili ale bila kuondoka mezani. Ndiyo hatari ya chakula hiki mpaka leo: unakula huku unauza, huku unaongea, huku unatazama simu, na tumbo halijui kama limekula.

Hatukukatazi mkate. Utengeneze hivi:

Kata nusu ya ule uliozoea. Ndani yake weka yai la kuchemsha na nyanya. Au sardini na kitunguu. Au maharagwe ya jana yaliyopondwa. Au vipande vichache vya avoka. Ukiweka avoka au karanga ya kusaga, usiweke tena margarini wala mayoneze, kwa kuwa hivyo vyote ni mafuta. Keti, ule polepole. Kunywa maji, au chai yenye kijiko kimoja tu cha sukari. Ukiweza kuizoea bila sukari, ni bora zaidi.

WATU WATASEMA NINI?

Tunajua linalozuia wengi. Mama akipungua, majirani wananong'ona, "Ana sida." Mama mkwe anauliza kama mwanawe anamlisha mkewe. Baba akipungua, wanasema kazi imeisha. Kwetu unene umeitwa baraka na heshima. Lakini kumbuka kwamba watu wengi wenye virusi vya sida wanaokunywa dawa zao vizuri wana miili mizuri, na kwamba mtu mnene anaweza kuwa na virusi hivyo. Unene na wembamba havikuambii jambo hilo. Kipimo cha damu ndicho kinachosema. Basi waambie watu wa nyumba yako mapema, "Ninapunguza uzito kwa sababu ya tansio." Neno lililosemwa wazi linafunga mlango wa uvumi.

Wengine, hasa wasichana, wanatafuta unene kwa vidonge vinavyouzwa sokoni. Baadhi yake vina deksametazoni. Ni dawa ya kweli ikitolewa na mganga, lakini ukiimeza ovyo inaweza kupandisha damu na sukari na kudhoofisha mifupa. Usinunue. Wala usinunue dawa ya kuharisha ili upungue. Inatoa maji ya mwili na kuyaacha mafuta mahali pake.

FANYA HIVI

1. Bukari ya mtu wa kiti iwe kama ngumi yake. Mboga ziwe mara mbili ya bukari: sombe, lengalenga, matembele. Samaki, nyama au maharagwe yawe kama kitanga cha mkono.

2. Usimimine mafuta kutoka chupani. Pima kwa kijiko. Kijiko kikubwa kimoja kina kalori 120 hivi, hata mafuta yakiwa mazuri.

3. Bitoyo ilowekwe na kuoshwa vizuri kabla ya kupikwa. Chumvi yote ya siku kwa mtu mmoja isipite kijiko kidogo kimoja.

4. Sukre iwe ya sikukuu. Chupa kubwa ya bia ina kalori 300 hivi, nayo inaita chupa ya pili.

5. Usijinyime mchana kutwa. Mwenye kukaa na njaa mpaka jioni hula mara mbili usiku.

6. Tembea kwa haraka nusu saa, siku tano kwa juma.

7. Usitafute kupungua kwa ghafula. Nusu kilo kwa juma yatosha. Mtu wa kilo 90 akipungua kilo nne na nusu, damu yake na sukari yake huanza kupata nafuu. Jipime kwa kamba ile ile kila mwezi.

CHUNGU KIMOJA, MAGONJWA MAWILI

Katika nyumba moja baba anaweza kuwa na tansio ya unene, na mtoto wake wa miaka miwili akavimba miguu na nywele zake zikageuka rangi. Hiyo ni kwashiorkor. Wote wawili wanakula chungu kimoja. Baba anapata nyama na bukari nyingi. Mtoto anapata bukari na mchuzi. Unapopunguza chakula chako, usimpunguzie mtoto. Mpe samaki, yai, maharagwe, karanga.

NJOO HOSPITALI

Njoo upesi kama unapungua bila kutaka, kama una kiu isiyoisha na unakojoa mara nyingi, au kama kidonda hakiponi. Unayekunywa dawa ya sukari, usibadili chakula chako kabla ya kuonana na mganga, kwa maana sukari inaweza kushuka mno ukaanguka. Mama mwenye mimba asijaribu kupungua.

Mama, leo jioni utakapopakua, toa kwanza samaki wa watoto. Kisha weka mboga katika kila sahani. Bukari iwe ya mwisho, iingie katika nafasi iliyobaki.