Samaki wa kwetu aliyevamia bahari za watu

Jioni pale Kibamba, kando ya Barabara ya Morogoro, karai haliinjikwi mpaka mkasi umalize kazi. Wachuuzi waliorudi na ndoo zao kutoka soko la samaki la Feri huanza na chafi, wakimkata mwiba mmoja mmoja: mgongoni 13, nyuma ya tumbo 7, mapezi ya tumboni 4. Yote 24 ina sumu, na ikikuchoma kidole, maumivu yake hayasahauliki.

Anayemjua chafi hatapata shida kumwelewa samaki-simba, mwenyeji wa miamba yetu ambaye sijamwona hata siku moja kwenye sinia za Kibamba. Ana mistari myeupe na ya kahawia iliyoiva, kichwani hadi mkiani, na mapezi ya ubavuni yametanuka kama manyoya ya jogoo. Miiba yake ya sumu ni 18.

Ugenini amekuwa balaa. Yeye na ndugu yake wa Pasifiki walinunuliwa Marekani kupamba matangi ya majumbani. Mwaka 1985 samaki-simba akaonekana baharini Florida, na inaaminika ni wafugaji waliomwachia. Leo ameenea Karibea nzima hadi Brazili. Jike hutaga mayai yapatayo milioni 2 kwa mwaka, na samaki wa kule hawajajifunza kumkimbia. Kwenye miamba iliyopimwa Bahamas, samaki wadogo anaowala walipungua kwa asilimia 65 katika miaka 2. Samaki-simba wengine walipita Mfereji wa Suez: Israeli mwaka 1991, kisha Saiprasi, Uturuki na Ugiriki. Jamaa wa chafi walikuwa wameshaitumia njia hiyo tangu miaka ya 1920.

Hapo ndipo hesabu inaponiuma. Faida ya samaki wa mapambo ilibaki dukani. Hasara anaibeba mvuvi ambaye hakuuza wala kununua.

Sasa wanajaribu kumla. Nyama yake haina sumu, na sumu ya miiba huharibiwa na moto. Mwaka 2016 maduka ya Whole Foods yalianza kumuuza Florida, na wanawake wa Belize hutengeneza hereni kwa mapezi yake. Ila ndoana na nyavu humpata kwa nadra. Mpiga mbizi humchoma kwa mkuki, mmoja mmoja, ndiyo maana bei haishuki. Mchuuzi wa Kibamba, chafi wake amemnunua kwa fungu, Feri, kabla jua halijapanda.