Rangi ya Ngozi na Kinywa, na Maradhi Yaliyofichika Ndani

Maneno yetu ya leo ni juu ya rangi ya mwili: jinsi mganga wa hospitali anavyotazama ngozi na kinywa, akatambua ugonjwa ulio mbali na hapo, katika damu, katika ini, au juu ya figo.

Vitabu vingi vya uganga viliandikwa Ulaya, navyo husema mgonjwa amekuwa mweupe au amegeuka rangi ya shaba. Maneno hayo yamfaa mtu wa ngozi nyeupe. Kwa watu wa pwani yetu hayatoshi. Mtu mweusi aliyepungukiwa na damu hawi mweupe usoni. Dalili hutafutwa mahali penye weusi mchache, yaani kiganjani, ulimini, na ndani ya kope la chini. Hapo ndipo hujionyesha safura, malaria ya mara kwa mara, na selimundu. Lakini kiganja cha bibi harusi kimepakwa hina, na kinywa cha mla tambuu ni chekundu hata kama damu yake ni kidogo. Kwa hao livutwe kope.

Umanjano wa macho, ambao mara nyingi ni ishara ya ini au nyongo, usitafutwe kwa koroboi, kwa kuwa mwanga wake huuficha. Mgonjwa na atoke nje mchana. Tena wako wenye macho ya hudhurungi tangu utotoni, wala hawaumwi. Hao watazamwe chini ya ulimi.

Sasa nataka kukaa zaidi juu ya weusi unaoongezeka, kwa sababu ndio upitao bila kuonekana. Mwaka 1855 Thomas Addison, daktari wa hospitali ya Guy's, London, alitoa kitabu juu ya wagonjwa 11 wenye ugonjwa wa tezi zilizokaa juu ya figo. Wengi wao walidhoofika bila sababu ya wazi, na ngozi zao zikawa nyeusi. Baadhi yao tezi zao zilikuwa zimeliwa na kifua kikuu, na hata leo katika nchi zenye kifua kikuu kingi hicho ni chanzo kimojawapo kikubwa. Tezi zikiharibika, ubongo huzidi kuziagiza zifanye kazi, na agizo hilo huziamsha pia chembe za ngozi zitengenezazo weusi.

Je, twautambuaje weusi huo kwa mtu aliye mweusi tangu kuzaliwa? Mvuvi arudipo kutoka Songo Songo, watu humwambia kwamba jua limemchoma. Huenda ni kweli. Lakini jua huchoma uso, shingo na mgongo; halifiki kinywani. Basi afumbue kinywa. Ufizi mweusi peke yake si ugonjwa, kwani wengi wetu tumezaliwa nao, na tumbaku nayo huuzidisha. Linalotafutwa ni jambo jipya: madoa ya samawati au meusi ulimini na ndani ya mashavu, makovu mapya yaliyogeuka meusi, mistari ya viganja iliyokolea kuliko zamani. Mama yake au mkewe ni shahidi bora kuliko daktari, maana daktari hakumjua kabla.

Aulizwe pia kama anakonda, kama huona kizunguzungu asimamapo, kama hutapika, kama hutamani chumvi kupita desturi yake. Mambo hayo yakiambatana na weusi mpya, damu yake ipimwe asubuhi hospitalini, na kifua kikuu kitafutwe. Ugonjwa huu una vidonge vya kurudisha kilichopungua, navyo humezwa maisha yote. Asiyevipata aweza kufa kwa homa ambayo mwenzake angeiugua siku tatu akapona.

Nao wanaotibiwa kifua kikuu wajue jambo moja. Rifampisini, dawa iliyo njema na ya lazima, hulifanya ini limalize upesi homoni za tezi hizo. Mgonjwa ambaye tezi zake zimebakiwa na nguvu kidogo aweza kulegea na kutapika katika wiki za kwanza, na jamaa wakasema dawa imemkataa. Asiiache dawa. Apelekwe hospitali siku ile ile, na anayemsindikiza amwambie daktari juu ya weusi wa kinywa.